Neno Lililosemwa Mara Mbili

Avicii: True Stories ni filamu ya hali halisi iliyotoka Oktoba 2017. Mwongozaji wake, Levan Tsikurishvili, alimfuata kwa miaka kadhaa Tim Bergling, dijei na mtunzi wa muziki wa Sweden aliyejulikana duniani kwa jina la Avicii, akamrekodi ndani ya ndege, hotelini, studio, jukwaani na kitandani hospitalini. Anayeitazama kwa mara ya kwanza hudhani anasimuliwa habari za kijana aliyepanda haraka. Kadiri filamu inavyosonga ndivyo inavyodhihirika kwamba kiini chake ni uhusiano wa watu wawili: Tim, na meneja wake Arash Pournouri, ambaye wengi humwita Ash. Walianza kazi pamoja mwaka 2008. Hadi walipoachana mwaka 2016 walikuwa wameutoa muziki wa dijei kwenye kumbi za usiku wakaufikisha kwenye viwanja vya mpira.

Katika filamu hiyo kuna neno moja linalotamkwa mara mbili, na vinywa viwili. Ash anasema kwamba kwa wingi ule wa mahojiano, ziara za vituo vya redio na maonyesho, Tim atakufa. Baadaye Tim mwenyewe anasema amekwisha kuwaambia wenzake, tena mara nyingi, kuwa akiendelea atakufa, na kwamba hataki tena kuambiwa aifikirie shoo nyingine. Kinywani mwa Ash neno hilo ni kipimo cha mzigo, na huenda pia ni onyo. Kinywani mwa Tim ni ombi la kuutua mzigo wenyewe. Wote wawili waliliona jambo lilelile na wakalitaja kwa jina lake, lakini ratiba ikaendelea. Filamu chache zimeonyesha kwa ukaribu kiasi hicho jinsi watu wenye akili timamu, wanaojaliana, wanavyoweza kulitamka tatizo kwa sauti kisha wakapanda ndege inayofuata.

Tim alizaliwa Stockholm tarehe 8 Septemba 1989, mtoto wa Klas Bergling na mwigizaji Anki Lidén. Alianza kutunga muziki chumbani kwake kwa kompyuta, akitumia programu ya FL Studio, ambayo humwezesha mtu mmoja kupanga ngoma, besi na kinanda kwenye kioo bila kumiliki ala hata moja. Kazi zake za mwanzo zilizunguka kwenye blogu na mabaraza ya mtandaoni ya wapenzi wa muziki wa house. Jina la kazi alilitoa katika mafundisho ya Kibudha, ambamo Avici ni tabaka la chini kabisa la jehanamu. Herufi i ya mwisho aliiongeza kwa sababu jina hilo lilikuwa limekwisha kuchukuliwa kwenye MySpace. Ash, aliyezaliwa Iran na kukulia Sweden, alikuwa amemzidi kwa miaka minane. Alikuwa amesomea sheria na alikuwa promota wa usiku wa muziki jijini Stockholm. Alizisikia kazi za kijana huyo mtandaoni, akamwandikia, wakakutana. Tim alikuwa na miaka 18.

Wanamuziki wa Afrika Mashariki wana kitenzi kinachoueleza vizuri mkutano wa namna hii. Dar es Salaam husemwa kwamba fulani "alimtoa" msanii fulani, na swali la nani alimtoa nani huweza kuzua ubishi wa wiki nzima redioni. Kumtoa mtu ni kumchukua mahali asipoonekana na kumweka mbele ya macho ya watu. Kitenzi hicho kina kauli ya kutendwa ambayo haifutiki: aliyetolewa hubaki mtolewa, hata akija kumzidi aliyemtoa kwa mbali. Ndani yake mna deni, na deni hilo haliandikwi kwenye mkataba, kwa hiyo hakuna tarehe ya kulimaliza. Kwa Kisweden au kwa Kiingereza huenda hakuna neno linaloubana uhusiano huo kwa ufupi kiasi hicho, lakini hali yenyewe ndiyo ileile. Ash alimtoa Tim. Tim alilijua hilo, na katika filamu hasemi vinginevyo.

Ili kuelewa kilichotokea baadaye ni lazima kuelewa kazi ya meneja ilivyo. Katika biashara ya muziki ya Ulaya na Marekani, meneja kwa kawaida huchukua asilimia 15 hadi 20 ya mapato ya msanii. Wakala wa maonyesho ni mtu mwingine: yeye hutafuta tarehe, hukubaliana bei na mapromota na kuchukua kamisheni yake. Promota naye hulipa malipo ya awali, mara nyingi nusu ya fedha yote, miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, kisha huuza tiketi, hukodi uwanja na kulipa matangazo. Lebo ya rekodi ina ratiba yake ya kutoa nyimbo, na kila wimbo unaotoka huhitaji mahojiano. Msanii anapokuja kusema amechoka, tarehe ya leo ilikwisha kuuzwa mwaka jana. Kuiahirisha kunawagusa watu ambao hajawahi kuwaona. Meneja ndiye anayepokea simu zao wote, na kila simu inasema jambo moja.

Kwa dijei hali ni ngumu zaidi, ingawa kwa nje inaonekana rahisi. Bendi ikisafiri, inasafiri na malori ya vyombo, mafundi wa sauti, wapiga ngoma na waimbaji, na uzito huo wote huiwekea breki: haiwezekani kuvuka bara kila usiku. Dijei anaweza kupanda ndege akiwa na kifaa kidogo cha kuhifadhia muziki mfukoni na vipokea sauti vya masikioni begani. Atapiga saa mbili usiku wa manane katika mji mmoja, na kesho yake atakuwa nchi nyingine. Gharama ni ndogo, faida ni kubwa, na kitu pekee kinachoweka kikomo ni mwili wa mtu mmoja. Mwili huo haulali usiku, na kila ukumbi unaoufikia unaukaribisha kwa chupa za bure. Katika miaka minane hivi Tim alifanya maonyesho zaidi ya 800.

Mwaka 2011 ulitoka wimbo wa "Levels", uliojengwa juu ya kipande cha sauti ya Etta James kutoka rekodi ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukaenea pote. Septemba 2012 Avicii akawa dijei wa kwanza kuwa msanii mkuu katika ukumbi wa Radio City Music Hall, New York, kwa usiku mbili. Mwaka huohuo wasomaji wa jarida la DJ Mag walimweka nafasi ya tatu duniani. Jarida la Forbes lilikadiria mapato yake ya mwaka 2014 kuwa dola milioni 28. Yote hayo yalifuata mpango, na mpango ulikuwa wa Ash. Haki itendeke hapa: watayarishaji wengi wa muziki wa umri wa Tim walikuwa na kompyuta na programu ileile, na vipaji havikukosekana. Aliyejua mlango gani ubishwe, wimbo upi ucheleweshwe na ukumbi upi ukataliwe ni meneja. Katika filamu anaonekana mwenye kasi, anayejiamini, anayefikiria mbele kwa hatua nne au tano. Anayemtafuta mnyonyaji wa kwenye hadithi hatamkuta hapo.

Mwili ulianza kudai mapema. Januari 2012 Tim na Ash waliendesha nchini Marekani ziara ya House for Hunger, iliyokusanya maonyesho zaidi ya ishirini ndani ya mwezi mmoja na kutoa dola milioni moja kwa shirika la Feeding America, linalolisha wasio na chakula. Ilikuwa kazi njema, na hakuna sababu ya kuipunguza. Mwezi huohuo Tim, akiwa na miaka 22, alilazwa New York kwa siku 11 kwa uvimbe mkali wa kongosho uliotokana na pombe. Kongosho ni ogani iliyojificha nyuma ya tumbo na hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Ikivimba, vimeng'enya hivyo huanza kufanya kazi vikiwa bado ndani yake, na ogani hujisaga yenyewe. Maumivu yake ni miongoni mwa makali kabisa yanayofahamika hospitalini, ndiyo maana wagonjwa hupewa dawa kali za kutuliza, na dawa hizo nazo huwa na uraibu wake. Mgonjwa aliyepona huambiwa aache pombe na apumzike. Kwa mtu ambaye ofisi yake ni ukumbi wa usiku, ushauri huo una maana ya kuacha kazi.

Hakuiacha. Machi 2013, katika tamasha la Ultra mjini Miami, alipanda jukwaani na waimbaji na wapiga magitaa ya kiasili ya Marekani mbele ya umati uliokuja kucheza muziki wa kielektroniki. Watu walishangaa, na wengi walikejeli. Miezi mitatu baadaye "Wake Me Up", wimbo aliotunga na mwimbaji Aloe Blacc na mpiga gitaa Mike Einziger, ulitoka na kushika nafasi ya kwanza katika nchi nyingi, Uingereza ikiwemo. Sehemu hii ya filamu ndiyo yenye furaha kuliko zote, na inafaa kukaa nayo kidogo, kwa sababu inaonyesha kile ambacho ratiba ilikuwa ikikila. Tim akiwa studio ni mtu mwingine. Anacheza na noti mbili tatu za melodia kwa saa nyingi, anazirudia, anaziondoa, anacheka peke yake zinapokaa. Waimbaji wenye umri wa kuwa baba yake wanamsikiliza kwa heshima. Hana wasiwasi wala haangalii saa. Kisha gari linakuja kumchukua kumpeleka uwanja wa ndege, na uso unabadilika kabla mlango haujafungwa.

Machi 2014 aliondolewa kifuko cha nyongo na kidole tumbo, na kwa sababu hiyo akakosa kupiga Ultra mwaka huo. Anayeifuata filamu tangu mwanzo anatarajia kwamba hapa ndipo kila mtu atasimama. Kinachoonekana ni hesabu: tarehe zipi zifutwe, zipi zisogezwe, na lini anaweza kurudi. Mazungumzo ya namna hii ndiyo yenye mafunzo kuliko yote katika filamu nzima, kwa kuwa hakuna anayepaza sauti. Sauti ni za upole, maneno ni ya kujali. Wanamuuliza anajisikiaje, naye anajibu kwamba ana nafuu kidogo, na jibu hilo la adabu linachukuliwa kuwa ruhusa. Tim alikuwa na haya. Alipenda kuwapendeza watu. Alipotaka kukataa alisema ndiyo kwa sauti ya chini, na waliomzunguka walikuwa wamejifunza kuisikia ndiyo bila kuisikia sauti.

Uhusiano uliojengwa mtu akiwa na miaka 18 ulikuwa na kila kitu isipokuwa njia ya kupitishia kukataa. Wakati ule haikuhitajika. Kijana wa chumbani asiyejulikana hakuwa na cha kukataa; kila mwaliko ulikuwa bahati, na meneja aliyeuleta alistahili shukrani. Miaka sita baadaye kijana alikuwa mtu mzima anayeendesha uchumi wa watu wengi, lakini mazungumzo yao yaliendelea kufuata desturi ya siku ya kwanza: mmoja analeta, mwingine anapokea. Mkataba unaweza kutaja asilimia, muda na maeneo. Haujaandikwa bado mkataba unaotaja namna ya kumwambia aliyekutoa kwamba hutaki kwenda unakopelekwa.

Meneja naye alibanwa na jambo ambalo ni la kweli na ambalo filamu inaligusa kwa haraka mno. Fani ya dijei ni ya msimu. Wanaopendwa leo husahauliwa baada ya majira mawili ya joto, na kila meneja amewaona waliosahauliwa. Kwa mtu mwenye kumbukumbu hiyo, kusimama kwa mwaka mmoja kunafanana na kuzimisha moto ambao hautawaka tena. Anayesukuma katika hali hiyo anaweza kuamini kwa dhati kwamba anamlinda msanii na majuto ya baadaye. Imani hiyo inapokutana na kamisheni inayopanda kwa kila shoo, hata mwenyewe hawezi kujua kwa hakika lipi kati ya mawili ndilo linalomsukuma. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa mfumo mzima wa umeneja unaolipwa kwa asilimia: mtu anayetakiwa kumwambia msanii apumzike ni yuleyule ambaye mapumziko hayo yanamkata mshahara.

Tofauti na kesi nyingine maarufu inafaa kutajwa. Leonard Cohen, mshairi na mwimbaji wa Kanada, aligundua mwaka 2004 kwamba akiba yake ya uzeeni ilikuwa imechotwa. Mwaka 2006 mahakama ilimpa tuzo ya dola milioni 9 dhidi ya aliyekuwa meneja wake, fedha ambazo ilikuwa vigumu kuzipata, na akiwa na zaidi ya miaka 70 akarudi jukwaani. Colonel Tom Parker, meneja wa Elvis Presley, alifika mahali pa kuchukua hadi nusu ya mapato ya msanii wake. Visa hivyo vina mwizi au mlafi, na msikilizaji hujua wa kumlaani. Katika filamu ya Avicii malalamiko hayahusu fedha iliyopotea. Fedha ipo, tena ni nyingi, na wanaoihesabu wanaihesabu mbele ya mwenyewe. Kinacholalamikiwa ni usiku, usingizi na hofu, vitu visivyo na safu katika vitabu vya mhasibu. Kwa sababu hiyo ugomvi huu ni mgumu kuuhukumu kuliko wa Cohen, na una uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea tena mahali popote penye msanii mchanga na meneja hodari.

Mwaka 2015 familia na watu wa karibu walimshawishi Tim akubali matibabu ya uraibu, akiwa katika kisiwa cha Ibiza. Ndipo alipoanza kusoma kwa bidii kuhusu nafsi ya mtu. Katika filamu anaeleza jinsi maandishi ya Carl Jung kuhusu aina za haiba yalivyomsaidia kujitambua kuwa mtu anayepata nguvu katika utulivu na kuzipoteza katika umati. Anaeleza kwa furaha ya mtu aliyepewa jina la ugonjwa baada ya kuzunguka kwa waganga miaka mingi. Kwa mtazamaji ni jambo lililo wazi tangu dakika ya kumi. Kwake lilihitaji kitabu, kwa sababu kila mtu aliyemzunguka alikuwa akimsoma kwa kipimo cha jukwaa, na kwa kipimo hicho alikuwa amefaulu.

Tarehe 29 Machi 2016 alitangaza katika barua kwa mashabiki kwamba ataacha ziara. Maonyesho yaliyokuwa yamekwisha kupangwa angeyamaliza, kisha basi. Hapa ugomvi unatoka vyumbani. Tim anasema mbele ya kamera kwamba alitarajia kuungwa mkono, kwa kuwa wote walijua alivyougua na alivyojaribu, lakini alipotaka kuacha alikutana na upinzani mkubwa na shinikizo la kuongeza shoo. Hapohapo ndipo anapolitamka lile neno. Halitamki kwa hasira. Analitamka kwa uchovu wa mtu anayerudia maelezo kwa mara ya ishirini, na mtazamaji anatambua kwamba kwa Tim jambo lenye uchungu kuliko wingi wa kazi lilikuwa kutosikika. Onyesho la mwisho lilifanyika katika hoteli ya Ushuaïa, Ibiza, tarehe 28 Agosti 2016. Kabla mwaka haujaisha ikajulikana kwamba yeye na Ash hawafanyi kazi pamoja tena.

Filamu haitoi eneo la mapambano ambalo mtazamaji amelisubiri. Hakuna meza inayopigwa ngumi, hakuna mlango unaobamizwa. Kuna simu, kuna ujumbe, kuna watu wanaozungumza kuhusu mtu asiyekuwepo chumbani, na mwishoni kuna taarifa. Huenda ndivyo uhusiano mwingi wa kazi unavyokufa. Ni vema kukumbuka pia kwamba kamera ilisimama upande mmoja. Tsikurishvili alikuwa akimfuata Tim, na filamu inabeba jina la Tim. Ash anapewa nafasi ya kuzungumza, lakini kilichobaki baada ya uhariri ni dakika chache kutoka katika miaka minane, na dakika zilizochaguliwa ni zile zinazoeleza mwisho. Usiku mwingi ambao hakuna aliyerekodi, na ambao pengine meneja alikesha akimtafutia daktari au akifuta tarehe kimyakimya, haumo. Filamu ya hali halisi ni shahidi mzuri wa kile kilichotokea mbele yake. Kwa yaliyotokea nyuma yake haina ushahidi, na mtazamaji mwadilifu huacha nafasi hiyo wazi.

Baada ya kuacha ziara Tim aliendelea kutunga. Agosti 2017 alitoa mkusanyo wa nyimbo sita, na alikuwa akitayarisha albamu nyingine. Tarehe 20 Aprili 2018, akiwa mapumzikoni Muscat, Oman, aliaga dunia akiwa na miaka 28. Polisi wa Oman walisema hakukuwa na dalili ya uhalifu. Siku sita baadaye familia ilitoa barua iliyomweleza kuwa mtu aliyehangaika na maswali kuhusu maana ya maisha na furaha, ambaye hakuweza kuendelea zaidi na alitaka amani. Muscat ni mji ambao Kiswahili husikika majumbani na sokoni, kwa familia zilizorejea kutoka Zanzibar na mwambao baada ya 1964, na huenda habari hiyo ilizungumzwa humo kwa Kiswahili kama ilivyozungumzwa kwa Kiarabu na Kisweden: kijana wa watu, mgeni, amefia ugenini.

Kifo hicho kilibadilisha namna filamu inavyotazamwa ingawa hakikubadilisha picha hata moja ndani yake. Aliyeiona Oktoba 2017 aliona kijana aliyejiokoa. Aliyeiona baada ya Aprili 2018 aliyasikia matamshi yale mawili kama utabiri, na wengi wakaamua papo hapo kwamba meneja ndiye aliyesababisha. Uamuzi huo haukubaliki. Tim aliishi karibu miaka miwili baada ya ziara kwisha, na zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuachana na Ash. Maumivu ya nafsi yana mizizi mingi, na barua ya familia yake mwenyewe haikumnyooshea mtu kidole. Aliyeipenda kweli kazi ya Tim hana budi kuukubali ugumu huo, na kukataa kumgeuza mtu aliye hai kuwa jibu la swali ambalo hata waliomzaa hawakudai kulijibu.

Wazazi wake walianzisha mwaka 2019 Tim Bergling Foundation, taasisi inayoshughulikia afya ya akili ya vijana. Albamu aliyoiacha, TIM, ilitoka Juni mwaka huo ikiwa imekamilishwa na wenzake kwa kufuata rasimu na maelezo yake, na Desemba tarehe 5 makumi ya maelfu ya watu walikusanyika katika uwanja wa Friends Arena, Stockholm, kwa tamasha la kumkumbuka. Mei 2021 ukumbi mkubwa wa duara wa jiji hilo, uliojulikana kwa jina la Globen, ulipewa jina la Avicii Arena. Mwaka 2024 ilitoka filamu nyingine, Avicii – I'm Tim, iliyoongozwa na Henrik Burman, ambamo sehemu kubwa ya masimulizi ni sauti ya Tim mwenyewe kutoka kwenye rekodi zilizohifadhiwa.

Kuachana kwa 2016 hakukugusa kumbukumbu za nyimbo. "Levels" bado imesajiliwa kwa majina ya Tim Bergling na Arash Pournouri, pamoja na ya Etta James na watunzi wenzake wa wimbo wa zamani. "Hey Brother" nayo ina majina yao wawili miongoni mwa watunzi, na "Wake Me Up" inawataja wote wawili kuwa watayarishaji. Kila redio inapopiga mojawapo ya nyimbo hizo, mirabaha inagawanywa kwa mujibu wa karatasi zilizotiwa saini wakati mmoja alikuwa akileta na mwingine akipokea, na majina hayo mawili yanaandikwa tena moja chini ya jingine.